Ndege Iliyobandikwa Bila Uzi

"Mpe ndege yake aende zake," alisema Mkuu wa kituo bila kuinua macho. "Mtu kafiwa na kaka yake, anaomba kitu kimoja tu cha kumkumbukia, na wewe unamzungusha kana kwamba ni jambazi."

Inspekta hakukaa. Kiti kilikuwepo, ila Mkuu hakumwambia akae, na yeye hakuwa mwanamke wa kujikaribisha.

"Ni kielelezo, afande."

"Kielelezo cha nini? Toi la plastiki! Marehemu kapasuliwa kichwa kwenye jiliwa, siyo kwenye bawa la ndege. Jiliwa tunalo, damu tunayo, mwanamke tunaye. Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani, kosa ni mauaji. Unataka nini kingine?"

"Nataka kujua kama ni yeye."

Hapo Mkuu aliinua macho, na hayakuwa macho ya heri. "Mpaka jioni," alisema. "Jioni ndege iende kwa mwenyewe na faili lije hapa mezani limefungwa. Ukinichelewesha, nitakupangia kazi ya kulinda geti uone kama huko nako kuna vielelezo."

Inspekta alitoka na kufunga mlango taratibu, kwa sababu kuubamiza kungemfurahisha.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio uliomuudhi. Marehemu alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya ndege, mtu wa breki na matairi. Mtaa mzima ulimwita Rubani, kwa kejeli, kwa vile maisha yake yote alizitengeneza ndege na hakuwahi kupanda hata moja. Alipostaafu akahamia kwenye ndege za plastiki, zile za kuunganisha kipande kwa kipande, na alizijaza kwenye rafu za chumba chake cha nyuma. Katika chumba hicho ndimo alimokutwa amekufa, amelala kwenye mkeka, amegeukia ukutani na kufunikwa shuka. Kwenye kona ya jiliwa, kile chuma cha kubania vitu kilichofungwa pembeni ya meza yake ya kazi, kulikuwa na damu na nywele.

Mke wake, aliyemwoa uzeeni, alikuwa mshonaji wa sare kwenye kiwanda kidogo. Aliondoka asubuhi akamwacha mumewe mezani na vipande vya ndege mbele yake. Alirudi mchana, akamwona amelala, akamwacha alale, akapiga pasi chumba cha pili. Jioni alipokwenda kumwamsha alikuta maiti ya baridi. Naye mdogo wa marehemu, fundi wa meno ya bandia ambaye kila mtu alimwita Fundi Meno, alieleza kwamba alipita asubuhi kumsalimia kaka yake, akamwacha mzima wa afya, vipande bado vimetawanyika mezani.

Lakini polisi walipofika jioni ile, ndege ilikuwa nzima. Imebandikwa, imesimama.

Kwa hiyo Rubani alikuwa hai na anafanya kazi baada ya mdogo wake kuondoka. Mlango haukuvunjwa, kitu hakikuibwa, na aliyebaki naye nyumbani ni mkewe peke yake. Ile ndege ndiyo iliyokuwa saa ya kesi nzima, na sasa Fundi Meno alikuwa anakuja kituoni kila siku kuidai. Mwili wa kaka yake hakuuulizia hata mara moja. Hilo lilikuwa limemkaa Inspekta kooni kama mwiba wa samaki.

*

Chumba cha vielelezo kilikuwa cha Sajini, na Sajini hakupenda wageni.

"Afande, hii ishamalizwa," alisema, huku akitoa boksi na kulisukuma mezani. "Au unatafuta tu kazi ya kufanya?"

"Washa taa, kisha ukae kimya."

Boksi lilikuwa la zamani hasa. Picha ya juu ilionyesha jeti ya kivita ikipasua mawingu, rangi zake zimefifia, kona zimeliwa. Ndani mlikuwa na fremu tupu ambamo vipande vilikatwa, stika zilizogeuka manjano, na karatasi ya maelekezo iliyotoboka kwenye mikunjo. Kulikuwa pia na tyubu ya gundi iliyokuja na boksi lenyewe. Inspekta aliibonyeza. Ilikuwa imekauka kama jiwe, na bila shaka ilikauka siku nyingi.

"Na ile nyingine?"

Sajini alimpa tyubu mpya iliyookotwa mezani kwa marehemu. Inspekta akafungua kifuniko. Chini yake kulikuwa na karatasi ya bati, ile ambayo mtu huitoboa kwa ncha ya kifuniko anapoanza kutumia. Haikuwa imetobolewa.

"Sajini, hii ndege imebandikwa na nini?"

"Na gundi."

"Gundi ipi?"

Sajini alifungua mdomo kujibu, akautazama ule mdomo wa tyubu, akaufunga wake. Kisha akajitetea upesi, kama kawaida ya watu waliopekua chumba ovyo. "Labda kulikuwa na tyubu nyingine."

"Ulipekua wewe. Uliiona?"

"Sikuiona."

"Basi haikuwepo. Au hukupekua. Chagua."

Inspekta akaitoa ndege kwenye mfuko wake na kuiweka kando ya nyingine aliyokuwa ameichukua rafuni kwa marehemu. Hakuwa anajua lolote kuhusu ndege, ila alikuwa na macho. Ile ya rafuni ilibandikwa na mtu mwenye moyo mkubwa na mkono mzito: gundi imefura kwenye kila kiungo, nyuzinyuzi zake zimetambaa hadi kwenye mkia, na kuzunguka mwili wote kulikuwa na vijistari vyembamba, kama mtu aliifunga kwa kitu kabla haijakauka. Ile ya kwenye boksi ilikuwa safi. Pande mbili za mwili zilikutana kwa mstari mwembamba kuliko unywele. Hakukuwa na tone lililomwagika, wala vile vijistari.

"Huyu ni mtu mmoja kabandika hizi mbili?" aliuliza.

"Mtu anajifunza, afande. Anaboresha."

"Kwa siku moja?"

Aliinua ndege karibu na taa na kuipindua tumbo juu. Hapo akaliona. Kando ya mstari wa kiungo, pale mtu anapobana kwa dole gumba, kulikuwa na alama ya kidole. Sajini akachukua unga wake na brashi, na Inspekta akamzuia mkono. Haikuwa alama ya jasho. Aliipitishia ukucha, ukucha ukakwaruza kwenye mistari yake. Alama ilikuwa imezama ndani ya plastiki yenyewe kama muhuri kwenye nta.

"Gundi ya hizi haishikilii tu, inayeyusha," alisema, huku akifikiri kwa sauti. "Ikipenya chini ya kidole, plastiki inalainika na kidole kinajichora humo. Ikikauka imekauka. Kwa hiyo mwenye dole hili hakuishika ndege juzi wala jana. Aliishika gundi ikiwa mbichi."

"Si marehemu huyo!"

"Alama za marehemu zilichukuliwa mochwari. Linganisha."

Sajini alilinganisha kwa shingo upande, lenzi jichoni, akisonya. Kisha akaacha kusonya. Akalinganisha tena, akainua uso, na safari hii alikuwa anatabasamu.

"Siyo ya marehemu, afande. Nilikwambia. Ni ya yule mwanamke. Kamuua, kisha kamalizia ndege ili tudhani mzee alikuwa hai. Umemkaanga mwenyewe."

Inspekta alimsogezea tena ile ndege. Ilikuwa inawezekana. "Linganisha na za mwanamke," alisema. "Mimi niko naye."

*

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mgongo umenyooka, mikono imefungamana. Hakusimama.

"Umekuja kuniuliza tena kwa nini sikumwamsha?"

"Nimekuja kuuliza habari za gundi."

Alicheka kicheko kikavu. "Mume wangu yuko kwenye jokofu, mimi kesho napelekwa kunyongwa, na serikali inauliza gundi. Haya, afande. Uliza gundi."

"Ile ndege uliishika?"

"Sijawahi kushika ndege zake. Hata vumbi alikuwa hataki nizifute. Alisema mimi nina mkono wa kufuta meza."

"Aliibandika wakati gani?"

"Ningejua ningekuwa hapa? Tena nilishangaa. Hakuja kuniomba uzi."

"Uzi gani?"

"Wa cherehani." Alimtazama Inspekta kama mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. "Kila ndege aliyobandika, lazima aniombe uzi. Anapaka gundi, anaizungusha uzi mwili mzima, anaiacha mpaka kesho yake. Hana subira ya kushikilia na mikono. Mimi nachukia, kwa sababu ananimalizia uzi mzuri. Siku ile niliondoka hajaniomba, nikajua leo habandiki, anapaka rangi tu."

Vile vijistari. Inspekta hakuonyesha chochote usoni. "Uliporudi mchana uliona nini kingine? Au kusikia, au kunusa."

"Harufu. Nilifungua dirisha. Siyo ya gundi yake, ile naijua, inaniumiza kichwa tangu tuoane. Hii ilikuwa tamu tamu hivi, halafu inachoma puani."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Huyo Sajini wako akaniambia nijibu nilichoulizwa. Nilichoulizwa ni kwa nini nimemuua mume wangu."

Inspekta aliliacha hilo lipite. "Hili boksi lilitoka wapi?"

Mjane akatulia. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Kwa baba yao. Aliwaletea wakiwa watoto, boksi moja watu wawili. Akawaambia wataifungua siku wakiacha kugombana. Basi, hawakuacha. Wazee wazima wana mvi, wanagombania nani anyooke kwenye kochi. Baba mtu kafa, boksi likabaki juu ya kabati limefungwa. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu, jamani mnasubiri nini? Mtaijengea kaburini? Mwite mdogo wako, fungueni, mmalize. Akampigia simu mbele yangu."

"Akamwita?"

"Aje siku ile asubuhi, waijenge wote wawili. Alifurahi mpaka akashindwa kulala, mume wangu."

Fundi Meno alikuwa amesema kwamba alipita tu kusalimia. Inspekta alikuwa bado anaigeuza sentensi hiyo kichwani pale Sajini alipotokea mlangoni. Hakuwa anatabasamu. Alimtazama mjane, akamtazama Inspekta, akatikisa kichwa polepole.

"Siyo yake," alisema.

"Nini siyo yangu?" mjane aliuliza.

Inspekta alikuwa tayari yuko kwenye korido na simu sikioni, anamtafuta daktari wa mochwari.

Daktari naye hakuwa na muda. "Niliandika, hamsomi," alifoka. "Lile pigo halikumuua papo hapo. Damu ilivuja ndani ya fuvu, taratibu. Mtu kama huyo anaweza kuinuka, akaongea, akacheka. Halafu anasema kichwa kinauma, analala. Kisha anaanza kukoroma kule kwa kukwaruza. Hapo unamkimbiza hospitali."

"Angepona?"

"Wengi hupona. Swali lingine?"

"Hapana."

"Basi kwaheri."

*

Chumba cha kazi cha Fundi Meno kilikuwa nyuma ya kliniki, na Inspekta alipofungua mlango harufu ilimpokea kabla ya mwenyewe. Ilikuwa tamu, kisha ikachoma puani. Alisimama hapo kizingitini, akaivuta kwa makusudi. Sajini, nyuma yake, alikohoa.

Meza ilikuwa imejaa meno. Fizi za waridi zilipangwa juu ya taya za plasta, nyingine zimekamilika na nyingine bado nta tupu. Fundi Meno alikuwa mwembamba, koti jeupe, miwani imeshuka puani. Alikuwa anapaka maji fulani kwa brashi nyembamba kwenye fizi iliyopasuka, na hakuacha.

"Mmeniletea ndege?"

"Tumeileta," alisema Inspekta, akaiweka mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki unaoonyesha ndani.

Brashi ikasimama. Macho ya Fundi Meno yalikwenda moja kwa moja kwenye tumbo la ndege, kisha yakakimbia.

"Kazi nzuri," alisema Inspekta. "Wewe unaionaje?"

"Kaka alikuwa na mkono."

"Alikuwa na mkono wa kufunga breki. Nimeona za rafuni. Alibandika kama anapaka siagi."

Fundi Meno alitabasamu kidogo, bila kutaka. Ukweli ulikuwa umemkuna mahali. "Hakuwa na subira," alisema.

"Hii aliibandika na nini?"

"Na gundi yake. Ya tyubu."

Sajini akaitoa tyubu, akaiweka mezani bila kifuniko. Fundi Meno aliitazama ile karatasi ya bati.

"Basi alikuwa na nyingine."

"Hapakuwa na nyingine."

"Yule mwanamke kaitupa. Mmemuuliza? Mnakuja kunisumbua mimi kazini, mmemuuliza yeye?"

"Hiyo chupa unayochovya brashi ni ya nini?"

"Dawa ya meno bandia. Unachanganya na unga, inakuwa fizi. Ukiipaka mahali palipopasuka, panaungana." Akajua alichokisema, akaongeza mwendo. "Kaka aliniomba kidogo. Nilimpelekea asubuhi ile, kichupa kidogo. Nikaondoka. Akabandika mwenyewe."

"Kumbe hukupita kumsalimia tu."

"Kumsalimia, na kumpa dawa. Kuna kosa?"

"Na kichupa kiko wapi?"

"Nishakwambia! Yule mwanamke! Kila kitu kilichomo mle ndani kapangua yeye. Ameingia kwenye nyumba ya watu juzi tu, leo anaamua nini kifunguliwe na nini kifungwe!"

Sauti yake ilikuwa imepanda hadi mtu wa chumba cha pili akachungulia. Inspekta alimwonyesha yule mtu mlango kwa kidevu, akatoweka.

"Sawa," alisema. "Alikuomba dawa, ukampa. Na dole gumba aliliomba pia?"

Fundi Meno aliiweka brashi chini.

"Kuna dole kwenye tumbo la hii ndege. Limeingia wakati dawa ikiwa mbichi. Siyo la kaka yako. Siyo la mkewe. Sajini ana wino hapa, shughuli ya kufumba na kufumbua. Ila wewe ulishajua, maana umekuja kituoni kila siku kuiomba ndege, na nilipoiweka hapa uliangalia tumbo kabla ya kuangalia uso wangu. Ulitaka kuisugua kwa msasa."

"Ni aibu," alisema Fundi Meno.

"Nini aibu?"

"Alama kwenye kazi." Alivua miwani, na bila miwani alionekana mzee zaidi ya kaka yake. "Baba angeiona angenicheka. Mtu na ufundi wake, anaacha dole kwenye plastiki."

Sajini alifungua daftari. Inspekta alivuta kigoda, akakaa safari hii bila kukaribishwa.

"Nieleze asubuhi ile."

"Aliniita. Kasema njoo tuijenge, wote wawili, kama baba alivyotaka. Nikafunga kazi, nikaenda. Nikafika, nakuta kashaanza. Vyote kavikata kwenye fremu. Chumba cha rubani kakipaka rangi. Rubani mwenyewe, yule wa plastiki, kamkalisha kwenye kiti." Aliyasema kwa hasira, siyo kwa huzuni. "Nikamwambia, mimi umenibakishia nini? Akasema, 'Nimekubakishia gundi.' Akacheka. Tangu utoto, yeye anafungua, mimi nafagia. Nikamsukuma. Mara moja tu, kifuani."

"Akaangukia jiliwa."

"Akainuka mwenyewe! Akashika kichwa, akasema, 'Kumbe bado una nguvu wewe.' Hatukugombana tena. Kasema kichwa kinamgonga, atajilaza pale kwenye mkeka, mimi nibandike yeye ananitazama. Na kweli alinitazama. Alikuwa ananielekeza, mpumbavu yule, ananielekeza mimi."

"Ukabandika."

"Ile plastiki imekaa miaka mingi, imepinda. Pande mbili hazikutani. Unapitisha dawa kidogo, unabana kwa vidole vyote, unashikilia. Inashika hapa, unasogea mbele kidogo. Uzi hauwezi kazi ile. Ni mikono tu."

"Na yeye?"

"Akalala."

"Akakoroma."

Fundi Meno aliitazama fizi iliyopasuka mezani kwake. "Ndiyo."

"Kama siku zote?"

"Hapana. Siyo kama siku zote."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Mfukoni mwako?"

"Nilikuwa nimeishikilia ndege!" Aliinua mikono yote miwili hewani, vidole vimebana kitu ambacho hakikuwepo. "Mikono yote hii. Dawa ilikuwa bado haijashika. Ningeachia ingefunguka."

Sajini aliacha kuandika. Kwenye kona bomba lilikuwa linadondoka ndani ya sinki lenye plasta.

"Nilipomaliza nikageuka," alisema Fundi Meno, "alikuwa kimya. Nikamfunika."

"Ukaondoka. Ukamwacha shemeji yako aje akae na maiti, akaonekana muuaji."

Mikono ikashuka. Uso wa Fundi Meno ulirudi kuwa mgumu kama ulivyokuwa walipoingia. "Nani aliyemwambia afungue boksi?" aliuliza. "Lilikaa pale juu ya kabati maisha yetu yote, hakuna aliyekufa. Mfunge yeye."

Inspekta alisimama. Alitamani kumpiga kibao, na aliona kwa Sajini kwamba naye anatamani. "Mtie pingu," alisema. "Na hiyo chupa ichukue."

*

Mkuu alisoma maelezo akiwa amesimama, kisha akayasoma tena akiwa amekaa. Hakusema pole wala hongera. Alisema tu kwamba mwanamke aachiwe, na kwamba Inspekta apunguze kiburi, kisha akageukia simu yake.

Mjane alikuwa bado kwenye lile benchi. Inspekta alimfungulia mwenyewe.

"Uko huru, mama. Nenda nyumbani."

Hakunyanyuka. "Ni shemeji?"

"Ndiye."

Alitikisa kichwa juu na chini, polepole, kama mtu anayeambiwa kitu alichokwisha kukijua. Hakulia wala hakulaani. Inspekta alikuwa amejiandaa kwa matusi, na aliona yangekuwa ya haki.

"Humu ndani nilikuwa nawaza kitu kimoja tu," mjane alisema. "Siyo kesi. Nilikuwa nawaza alikata roho peke yake, mimi niko kwenye cherehani nashona mikono ya mashati. Niambie ukweli, afande. Alikuwa peke yake?"

Sajini, aliyekuwa ameshika mkoba wa mjane, alitazama sakafuni. Yale mengine atayasikia mahakamani, kwa mdomo wa mtu mwingine. Inspekta hakuwa na nguvu ya kuwa mdomo huo.

"Hapana," alisema. "Hakuwa peke yake. Alikuwa na mdogo wake mpaka mwisho."

"Afadhali," alisema mjane, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Afadhali. Walikuwa wanapendana, wale, ila hawakujua namna."

Inspekta alimpa mkono wa kuinukia, akafungua mlango, akampisha atangulie.